Programu ya Marehemu

Mama alifungua mfuko wake, akatoa laptopu iliyoviringishwa kwenye kanga, akaiweka juu ya meza ya katibu.

"Vitu vyake vyote vimo humu, mwanangu. Tazama kinachowafaa, mchukue."

Tulikuwa kwenye ofisi ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huko Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Nje wakulima walikuwa wamekalia magunia yao wakingoja mizani. Ndani alikuwamo katibu, mjumbe mmoja wa bodi, mimi, na mama huyu ambaye mwanawe ndiye aliyeandika programu inayoendesha ofisi ile. Inasajili kilo, inakokotoa malipo ya awali, inatoa makato, inachapa risiti. Kijana alifariki msimu uliopita. Niliitwa kwa sababu makato yamebadilika na hakuna aliyejua yanarekebishiwa wapi.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Marehemu alikuwa fundi makini. Alitengeneza ukurasa wa mipangilio, na makato yanabadilishwa hapo hapo bila kugusa msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu. Nikamwonyesha katibu, akafurahi. Ndipo akasema neno ambalo limekaa kichwani mwangu kwa wiki kadhaa sasa:

"Vyama viwili vya jirani wanaitaka. Tuwakopie kwenye flashi, na wewe utawasaidia kuifunga."

Mjumbe akaitikia. Mama naye akaitikia.

Mimi nikasema nitarudi.

## Tulimlipa

Niliporudi nilimuuliza katibu swali moja: programu hii ni ya nani? Alinishangaa. "Ni ya chama. Tulimlipa." Akafungua jalada, akanionyesha risiti ya malipo yenye saini ya marehemu. Imeandikwa kiasi, tarehe, na maneno "malipo ya programu ya mizani". Basi. Hakuna mkataba mwingine.

Sina neno baya juu ya katibu yule. Karibu kila mteja niliyefanya naye kazi, Moshi na Arusha, anafikiri hivyo hivyo. Kampuni za utalii zinazotengenezewa tovuti, shule zinazotengenezewa mfumo wa ada, maduka ya dawa: mtu akilipa anahesabu kwamba amenunua, na alichonunua ni chake, kama alivyonunua meza.

Sheria haiendi hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaziweka programu za kompyuta katika kundi moja na vitabu. Ulimwengu nao umekubaliana hivyo: mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, unaohusu biashara na haki miliki, unataka programu zilindwe kama kazi za maandishi chini ya Mkataba wa Bern, ambao ni wa tangu 1886. Maana yake ni kwamba hakimiliki ya programu inazaliwa siku ile ile mtu anapoiandika. Haingoji muhuri. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya mgogoro, lakini si usajili unaokupa haki.

Wengi wetu tulilisikia jina la COSOTA kwenye habari za wanamuziki. Nadhani ndiyo sababu hakimiliki inaonekana ni jambo la wasanii, wakati kijana aliyekaa chumbani Kibosho akiandika hesabu za kahawa usiku naye ni mtunzi mbele ya sheria ile ile.

Sasa, chama kilimlipa nini? Kilimlipa kazi ya kutengeneza, na kwa matendo ya pande zote mbili chama kilipata ruhusa ya kuitumia. Hilo halina ubishi. Aliifunga yeye mwenyewe na akawafundisha. Lakini ruhusa ya kutumia si umiliki, na wala haibebi ndani yake ruhusa ya kuwagawia wengine. Hayo yangepaswa kuandikwa. Hayakuandikwa.

Na mwenye kuyaandika hayupo tena.

## Miaka 50

Hapa ndipo nilipokwama. Mtunzi akifariki, hakimiliki haifi naye. Inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake, na haki zile za kiuchumi zinaingia kwenye mirathi pamoja na shamba, pikipiki na akiba ya benki. Kikao cha familia baada ya matanga kiligawa vitu vyote vya kijana yule, na hakuna hata mmoja aliyetaja programu. Nani angeitaja? Haina uzito, haina mahali ilipowekwa.

Lakini ipo, na itaendelea kuwa mali ya mtu kuliko umri wa hiyo kompyuta, kuliko umri wangu pengine. Kuna upande mwingine pia ambao hauuzwi wala hauhesabiwi kwa pesa: haki ya mtunzi kutajwa kwamba kazi ni yake. Huo nao unabaki.

Nilifikiria sana kama niufungue mdomo. Ukimwambia mama aliyefiwa kwamba ana mali ambayo hakuijua, unaweza kumpa faraja, na unaweza pia kuwasha moto kati yake na shemeji zake. Rafiki yangu mmoja, naye fundi, alinishauri niache. "Kopi, funga, nenda nyumbani. Nani atakushtaki?" Ni kweli hakuna ambaye angenishtaki. Ila mama aliponiambia tuchukue kinachotufaa, alikuwa anatoa kitu bila kujua anatoa nini. Kupokea zawadi ya namna ile kutoka kwa mtu mzima wa umri wa mama yangu nilishindwa.

Nikamwambia.

Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo mtoto wangu aliacha kitu?"

## Kilichokuwamo ndani

Kwa idhini yake nilifungua msimbo. Juu ya kila faili ameandika jina lake na mwaka. Hakuna leseni popote, yaani hakuna maneno yanayosema wengine wanaruhusiwa kuifanyia nini kazi yake.

Vijana wengi wanaoandika programu wanaamini kwamba ukiacha bila leseni umeacha wazi. Ni kinyume chake. Msimbo usio na leseni umefungwa kabisa: haki zote ni za mwandishi, na mwingine hana ruhusa ya kunakili, kubadilisha wala kugawa. Hata ukiuweka GitHub, mtandao ambako waandishi wa programu huweka kazi zao, mbele ya macho ya dunia nzima, masharti ya mtandao ule yanawaruhusu wengine kuutazama na kuunakili ndani ya mtandao ule tu. Ukimya ni kufuli.

Lakini marehemu hakuandika kila kitu peke yake, kama ambavyo hakuna fundi anayeandika kila kitu. Vitufe na majedwali yalitoka kwenye kazi ya watu wengine iitwayo Bootstrap, na mambo mengine kwenye kurasa yaliendeshwa na jQuery. Zote mbili zina leseni ya MIT, leseni fupi ambayo unaisoma ukiwa umesimama. Inasema fanya utakavyo, tumia, badilisha, uza, hata funga, mradi tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yabaki. Ndugu yake wa karibu ni BSD, na kama umewahi kufanya kazi kituo cha afya hapa Tanzania umeitumia kazi yenye leseni hiyo: DHIS2, inayokusanya takwimu za afya, inatoka Chuo Kikuu cha Oslo chini ya BSD. Apache ni ya ukoo huo huo, ila imeongeza maneno juu ya hataza, yaani haki za uvumbuzi.

Kisha nikafika kwenye risiti. Zinatengenezwa na kipande kiitwacho mPDF, na mPDF ina leseni ya GPL toleo la 2.

Hapo nikaacha kusoma msimbo, nikaanza kusoma leseni.

(Windows iliyo kwenye kompyuta ya chama sitaizungumzia sana. Kila mtu anajua namna watu wanavyopigiwa Windows kwenye maduka ya stationari. Nitasema tu kwamba hata unayelipa kihalali hununui programu, unanunua ruhusa yenye masharti, na leseni inayokuja na kompyuta mpya kwa kawaida imefungwa na mashine ile ile. Kwa barua na majedwali ya ofisi LibreOffice inatosha, na haimdai mtu.)

## Maji ya mfongo

Nilipotaka kumweleza katibu GPL ni nini, nilimuuliza juu ya mfongo, ule mfereji wa maji unaopita nyuma ya ofisi yao. Ukoo fulani ndio uliochimba, miaka mingi kabla yetu. Unachota, unamwagilia migomba yako, hukatazwi hata ukiuza hizo ndizi. Siku ya kuzibua unatokea na jembe. Lakini huzuii maji kwa walio chini yako. Ukiziba, wazee wanakuita.

"Basi leseni hii inasema hivyo," nikamwambia. Alielewa haraka kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha.

Kwa maneno ya kisheria: Richard Stallman, aliyekuwa mtafiti wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza mradi wa programu huru uitwao GNU mwaka 1983 baada ya kuona wenzake wakianza kuficha msimbo ambao zamani waliupeana. Toleo la kwanza la GPL lilitoka 1989, la pili 1991, la tatu 2007. Hakuikana hakimiliki. Aliitumia. Kwa kuwa sheria inampa mwandishi uwezo wa kuweka masharti, yeye aliweka sharti kwamba yeyote anayepewa programu apewe na msimbo wake, na awe huru kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa; naye akigawa, agawe kwa masharti hayo hayo.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulikosea. GPL haikulazimishi kitu ukiwa unaitumia ndani ya ofisi yako. Chama kile kingeweza kuendesha programu yake miaka na miaka kikiwa na mPDF ndani bila kumwonyesha mtu msimbo. Sharti linaamka siku unapotoa nakala nje.

Yaani siku ya flashi.

Kwa hiyo ombi dogo la katibu lilikuwa limegusa milango miwili kwa pamoja. Mmoja ni wa mama: bila ruhusa ya mrithi, nakala haitoki. Wa pili ni wa waandishi wa mPDF: nakala ikitoka, wengi wetu tunavyoisoma leseni ile, programu nzima inayosimama juu yake inatoka kwa GPL, msimbo ukiwa wazi.

## Aliyenyamaza

Kuna kisa nilichokirudia usiku mmoja, na ndicho kilichonigeuza.

Mwaka 2001 Mfaransa Michel Valdrighi alianza kuandika programu ya kuendeshea blogu iitwayo b2. Watu wakaipenda. Kufikia mwishoni mwa 2002 akawa kimya, na waliokuwa wakiitegemea wakabaki hawajui wafanyeje. Mmoja wao, kijana wa Texas aitwaye Matt Mullenweg, aliandika Januari 2003 kwamba programu anayoitegemea imekwama na mwandishi wake hapatikani, lakini kwa bahati njema ni ya GPL, kwa hiyo anaweza kuichukua na kuiendeleza. Mwingereza Mike Little akamjibu kwamba yuko tayari kusaidia. Mei mwaka huo huo ikatoka WordPress, programu ya kutengenezea tovuti.

Ukipita barabara za Arusha na kuhesabu kampuni za safari, tovuti zao nyingi zimejengwa juu ya kazi ile. Valdrighi hakuwa amefariki. Alikuwa amenyamaza tu, na baadaye alionekana tena. Lakini leseni ilikuwa imekwisha kusema kwa niaba yake kabla hajanyamaza. Hakuna aliyelazimika kumtafuta mama yake.

Kijana wetu hakuacha neno. Aliacha jina na mwaka juu ya kila faili, na sisi tuliobaki tunakisia alitaka nini. Katibu anasema alikuwa mtu wa kusaidia, asingekataa. Binamu yake anasema alikuwa na mpango wa kuiuza kwa vyama vyote vya mlimani. Inawezekana wote wawili wanasema kweli.

## Swali la mama

Mwanzoni nilitaka MIT kwa mafaili ya marehemu. Ni fupi, mama angeweza kusomewa yote kwa Kiswahili kwa dakika tano, na mafaili yake yangebaki huru hata kama mtu angeiondoa mPDF baadaye. MIT na GPL toleo la 2 zinakaa pamoja bila ugomvi.

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Mtu wa mjini akiichukua, akaiongezea vitu vizuri, akaifunga na kuanza kuwauzia hawa hawa, watakuwa na la kusema?"

Kwa MIT, hapana. Watakachoweza kudai ni jina la mwanawe libaki mahali fulani ndani.

"Na hiyo nyingine?"

Kwa GPL, akiwauzia lazima awape na msimbo, na wao wataweza kumpa fundi mwingine aendelee. Nilimwambia na mipaka yake pia, kwa sababu watu hupenda kuisifia kupita kiasi. Haimlazimishi yule mtu wa mjini kurudisha maboresho Kibosho. Inamlazimisha kuwapa wale anaowagawia. Na akiiweka kwenye seva yake, watu wakaitumia kwa intaneti bila kupewa nakala, GPL toleo la 2 haimgusi. Ipo leseni iitwayo AGPL iliyotungwa kuziba mwanya huo, lakini haipatani na mPDF, ambayo imefungwa kwenye toleo la 2 peke yake. Tungetaka AGPL ingebidi kwanza tuing'oe mPDF na kuweka kitu kingine.

Binamu aliuliza kama basi pesa zimekwisha. Hapana. GPL haikatazi kuuza. Familia inaweza kutoza kwa kuifunga, kwa kufundisha, kwa kuitunza. Isichoweza ni kumzuia mnunuzi asimpe jirani.

Katibu, ambaye muda wote alikuwa anaandika, akauliza swali la mwanamume aliyezoea vikao: "Karatasi hiyo ina nguvu gani? Mtu akikataa?"

Nikampa mifano miwili. Mwaka 2003 iligundulika kwamba kisambazaji cha intaneti cha Linksys, WRT54G, kina mfumo wa Linux ndani, ambao ni wa GPL, na msimbo haukutolewa. Watu wakadai, kampuni ikautoa, na kutokana na msimbo ule ukazaliwa mradi wa OpenWrt ambao mafundi wa mitandao wanautumia mpaka leo. Mwaka uliofuata, mahakama ya Munich huko Ujerumani iliizuia kampuni ya Sitecom kusambaza bidhaa yenye msimbo wa Harald Welte na wenzake bila kutimiza masharti ya GPL. Hoja ni nyepesi kuliko inavyoonekana: ukiikataa leseni, hurudi kwenye uhuru, unarudi kwenye hakimiliki tupu, na hakimiliki tupu haikupi ruhusa yoyote.

Mama alichagua GPL. Sikumsukuma. Nasema hivi kwa sababu mimi ningechagua vingine, na sasa nadhani yeye ndiye aliyeona mbali.

## Karatasi

Familia ilikuwa tayari imekwenda mahakama ya mwanzo kwa ajili ya akiba ya benki, na mama ndiye msimamizi wa mirathi. Hilo lilitupunguzia safari. Tuliandika karatasi moja kwa Kiswahili: yeye kama msimamizi anaruhusu programu, kwa jina lake na maelezo yake, itolewe chini ya GPL toleo la 2, jina la marehemu linabaki juu ya kila faili, atakayebadilisha aandike kwamba amebadilisha na tarehe. Sharti hilo la mwisho limo tayari kwenye leseni yenyewe, lakini mama alitaka alione. Warithi wengine wakasaini chini yake, na mwenyekiti wa chama akawa shahidi.

Kwa wateja wangu nimebadilisha mikataba. Sasa kuna kifungu kinachosema msimbo ni wa nani malipo yakikamilika, mteja anaruhusiwa nini nikishindwa kuendelea au nikifariki, na orodha ya kazi za watu wengine zilizomo ndani pamoja na leseni zao. Mteja mmoja wa Arusha alikiona kifungu cha kufariki akasema ninajitabiria. Nikamwomba akisome tena kama mtu ambaye ofisi yake yote iko mikononi mwangu. Alisaini.

## Majina ya wakulima

Nilidhani tumemaliza. Nilipokuwa natayarisha nakala ya vyama vya jirani nikakuta kwenye folda ya msimbo faili la akiba ya kanzidata. Ndani yake kuna majina ya wakulima, namba za simu, kilo walizoleta, na mikopo ya pembejeo ambayo baadhi hawajailipa.

Leseni ya mama haigusi hayo. Yeye ni mrithi wa msimbo. Habari za wakulima hazikuwa mali ya mwanawe, na sina hakika kama kuna mtu anayeweza kuziita mali yake. Kuna sheria nyingine kabisa inayozihusu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na chama ndicho kinachobeba wajibu huo. Ungewekwa msimbo ule wazi na faili lile ndani, mtu wa Marangu angejua jirani yake wa Kibosho anadaiwa mbolea kiasi gani.

Kwa hiyo vyama vya jirani wanangoja. Ninaandika kanzidata ya majaribio yenye majina ya kubuni, na ninapitia faili moja moja, kwa sababu marehemu alizoea kuweka mifano halisi kwenye maelezo ya pembeni ili akumbuke hesabu ilivyokwenda. Ripoti ya malipo ya pili nayo ina jedwali lililoandikiwa moja kwa moja namba za uanachama wa watu halisi, na sijapata njia safi ya kuitenganisha. Kama unaandika PHP, lugha ya programu hii, uko Moshi au Arusha, na una jioni za kutosha, ningefurahi tukae pamoja kabla msimu haujafunguliwa.